Bomba la Choo

Mwaka 2018 chini ya kitanda changu kulikaa vitu viwili kwa muda wa wiki saba: madaftari manne ya riwaya yangu na kasha la eakilina la Toyota Corolla 110. Madaftari yalikuwa halali yangu. Kasha nililitoa kwenye gari la kaka bila yeye kujua.

Gari lenyewe lilikuwa teksi. Marehemu baba aliliacha, kaka akaacha kazi ya ghala ili aliendeshe, na toka hapo chumvi, sabuni na kodi ya nyumba yetu pale Magomeni vilitoka kwenye usukani ule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ada ya kuendelea hamna, kutwa nashinda gereji moja Ilala nikiosha spea kwa petroli na kusubiri kuwa mwandishi. Jumapili kaka akilala, kazi yangu ilikuwa kuliosha gari. Basi hapo ndipo shetani alipopitia.

Pale gereji walikuwa wakija vijana wenye magari yanayokoroma. Ukifunua boneti unakuta bomba linang'aa kama sufuria la harusi, na mwisho wake filta nyekundu ya umbo la pia, imesimama wazi bila kasha. Wakikanyaga moto, injini inavuta pumzi mtaa mzima unageuka. Nikauliza bei dukani, nikaambiwa seti nzima laki tatu. Nilicheka nikaondoka. Lakini usiku sikulala, bwana. Riwaya yangu ilikuwa na sura nzima ya mbio za magari, na mimi sikuwahi kukaa ndani ya gari lenye mbio.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 112,000. Hiyo ilikuwa pesa ya kuchapisha muswada kwenye kompyuta, kurasa 180 kwa shilingi elfu moja kila ukurasa, kwa hiyo hata hapo haikutosha. Nikajidanganya kwamba pesa isiyotosha si pesa. Filta kuukuu ya pia nikaipata kwa 15,000. Bomba la inchi tatu lilikuwa limebaki kwa jirani aliyejenga choo, akanipa bure. Kiwiko 4,500, klipu nne 4,000, msasa na gundi 2,500. Maungio nikayakata kwenye tyubu ya lori. Jumla 26,000, na jasho la Jumapili moja.

Wazo lenyewe si la kijinga, msinicheke mapema. Petroli haiungui peke yake. Kila kilo moja inataka kama kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inakunywa hewa zaidi ya lita 9,000, yaani chumba kidogo kizima kwa lita moja tu. Sasa hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapopanda, inapoteza kama asilimia 3 ya uzito wake. Injini inapewa chumba kilekile lakini chenye hewa chache ndani, kompyuta inapunguza petroli ili ilingane nayo, nguvu inashuka. Kwa hiyo ukiipelekea injini hewa ya baridi, umeipa chakula zaidi. Fizikia ya kidato cha tatu hiyo, na ni kweli tupu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba bomba ndilo linaloleta baridi.

Nilifunga filta pale kasha lilipokuwa, wazi, karibu na rejeta. Nikawasha. Ndugu yangu, lile koromo! Nilisimama uani peke yangu natabasamu kama mtu aliyesoma jina lake gazetini. Kaka alipoamka nikamwambia nimesafisha eakilina. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu," akaenda kunywa chai.

Wiki hiyo akaanza kulalamika kwamba kupanda mlima wa kutoka Ubungo kwenda Kimara gari linachoka. Mimi nikasema labda petroli ya siku hizi.

Nilimpelekea Fundi habari kwa kuzunguka. "Shikamoo Fundi. Hivi kuna jamaa mmoja kafunga pia kwenye Corolla..." Akanitazama mikono, akaona gundi, akasema, "Marahaba. Huyo jamaa kalifundisha gari kuvuta pumzi jikoni." Kisha akaniambia nipime joto kabla ya kubishana. Nikaazima kipimajoto cha mama mmoja jirani anayefuga vifaranga. Nje kilisoma 31. Nilipokifunga kwa uzi kando ya filta na kuacha injini ichemke boneti likiwa limefungwa, kilipanda mpaka 50 kikagota, kwa sababu hapo ndipo mwisho wa alama zake. Kifaranga yeyote angekuwa ameshaiva.

Mtu mwenye akili angerudisha kasha la zamani. Kasha lile lilikuwa na mdomo wa plastiki uliopita juu, kando ya taa, ukavuta hewa kutoka nje kabisa. Yaani kiwanda kilikuwa kimeshamaliza kazi niliyokuwa najidai kuibuni, tena bila koromo. Lakini si unajua mwandishi chipukizi anapoambiwa sura yake haifai: haifuti, anaiongezea. Jumapili iliyofuata nikaongeza kiwiko, nikashusha bomba kupitia tundu la ndani ya madigadi, filta ikaning'inia nyuma ya bampa, chini, futi moja kasoro kutoka ardhini. Huko hewa ilikuwa ya baridi kweli. Kipimajoto kilisoma 33.

Fundi aliinama akaitazama kwa muda. "Na mvua?"

"Fundi, masika si mpaka mwezi ujao."

Hakusema tena. Mpaka leo sijui kama alininyamazia kwa kunidharau au kwa kutaka nijifunze, na sijawahi kumuuliza.

Nililipima gari kwa saa ya simu, toka kilometa 40 hadi 80 kwa saa. Kwa filta ya jikoni lilikuwa limechelewa karibu sekunde moja na nusu kuliko lilivyotoka kwa baba. Kwa filta ya chini liliwahi nusu sekunde. Nusu sekunde, tena kwa saa iliyoshikwa na mtu aliyetaka kushinda! Nilirudi nyumbani nikaandika upya sura ya mbio za magari, kurasa kumi na moja kwa usiku mmoja. Nakiri ni kurasa nzuri.

Mvua za Aprili zikaja. Siku hiyo kaka alikuwa Kigogo na abiria. Kwenye kidimbwi ambacho hata watoto walikuwa wanakivuka, maji hayajafika mlangoni, injini ikazimika. Akapiga stata. Ikasema "tak" mara moja, ikakataa. Akapiga tena. Abiria akashuka akaondoka na nauli yake. Kaka alilisukuma na vijana wawili, akafika nyumbani saa tano usiku, suruali imelowa mpaka mapajani, akala ugali wa baridi bila kusema neno. Mimi nilikuwa kitandani nimejifunika, nasikia kijiko.

Asubuhi Fundi alifungua plagi, akazungusha injini, maji yakaruka kama bomba la mtaani. Silinda moja ya injini ile ina mililita kama 375, lakini pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya mililita 40 hivi, kikombe kimoja cha kahawa cha wazee wa barazani. Hewa inakubali kubanwa humo. Maji hayabanwi. Pistoni inapanda, inakuta ukuta, na konrodi ndiyo inayopinda. Ya kwetu ilipinda. Fundi aliishika juu ya kiganja akanipa mimi niione, hakumpa kaka.

Konrodi ya mtumba, gasketi, oili na ufundi: 340,000. Na siku tisa bila teksi. Siku ya tatu mama alipunguza unga bila kutangaza.

Siku ya nne nilimfuata kaka uani. Nilikuwa nimepanga maneno kama mtu anayetunga hotuba, ila yalipotoka yalitoka kinyumenyume: nikaanza na kipimajoto, nikaenda kwa kiwiko, nikamalizia na kasha chini ya kitanda. Nikaweka mbele yake shilingi 86,000 zilizobaki. Aliniacha nimalize.

"Nilijua toka wiki ya kwanza," akasema. "Nilifungua boneti kuweka maji. Bomba limeandikwa maji taka, we ulidhani mimi sijui kusoma?"

"Sasa kwa nini hukunitoa?"

"Ulikuwa unafurahi." Akahesabu zile pesa, polepole, mara mbili. "Tangu baba afe sijakuona hivyo. Nikasema, ngoja aringe kidogo. Mvua nilisahau na mimi."

Heri angenipiga.

Kasha la zamani tulilirudisha pamoja. Alipokuwa akinipa bisibisi ndipo tukaona kwamba ule mdomo wake wa plastiki ulikuwa na ufa mrefu kama kidole, upande wa injini, unaonyonya hewa ya moto miaka yote hiyo. Tukauziba kwa utepe wa bomba, tukaweka filta mpya ya karatasi. Gharama yake ilikuwa chini ya zile 26,000. Nililipima tena kwenye mlima uleule: limewahi nusu sekunde na ushei, na hakuna aliyegeuka mtaani.

Muswada wangu uliendelea kubaki kwenye madaftari. Lile bomba mama alilichukua, akalielekeza kutoka kwenye bati hadi kwenye pipa, na mvua ikinyesha linakoroma vilevile. Jioni moja kaka alikuwa anaoga miguu uani, akaniuliza, "Hiyo riwaya yako ina gari?"

"Inalo."

"Aina gani?"

"Corolla."

Akakaa kimya akisugua kisigino. "Na eakilina umeiweka wapi?"