Umeshiba, Hufi

Siku hizi vijana wa Nairobi tunaongea karibu kila kitu bila aibu. Kuachwa, stresi, hata deni ya Fuliza. Lakini bado sijasikia mtu akisema wazi, "Jana nilikula sana alafu nikaogopa nitakufa." Basi wacha niseme mimi.

Hiyo hofu hunipata usiku. Sio baada ya kila msosi, ni baada ya ile ya kushindilia: chapo 4 na madondo, pilau iliyobaki kwa shughuli ya watu, alafu chips za kumalizia. Nusu saa ya kwanza niko poa. Nikilala chali tu, moyo unaanza kudunda kama spika za matatu. Viganja vinatoa jasho. Pumzi inakuwa fupi. Kichwa nacho kinaanza maswali: hii ni moyo ama ni presha? Na vile nimefunga mlango kwa ndani, watanitoa aje?

Kilichonisaidia kwanza ni kujua nini inaendelea huko ndani. Ukila sana, damu nyingi inaenda tumboni kusaidia kusaga chakula, kwa hivyo moyo unaongeza kasi kidogo. Hiyo ni kazi yake. Tumbo likijaa linasukuma juu ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ndio maana pumzi haiingii yote. Ukilala chali, asidi inapanda na kifua kinachoma. Sasa hebu ona: moyo mbio, pumzi fupi, kifua moto. Si ndio vile mtu aliyeogopa huwa? Ubongo unasoma hizo dalili, unaamua kuna hatari, unaitisha adrenalini. Adrenalini inazidisha mbio za moyo, na wewe unajiambia, "Si nilisema!"

Kwa hivyo mimi huamka. Nakaa wima, nalegeza suruali, natembea polepole kwa korido ya ploti hadi kwa geti na kurudi. Nahesabu 4 nikivuta pumzi na 6 nikiitoa, na hiyo ya kutoa ndio hutuliza. Sigoogle dalili. Google saa nane usiku haijawahi kumpa mtu habari njema. Mara nyingi kilele cha paniki hupita ndani ya dakika 10 hivi, hata kama tumbo litabaki zito kwa masaa.

Lakini kwangu usiku sio shida kubwa. Shida ni asubuhi, ile sauti inasema leo ulipe. Usinywe chai. Ruka lunch. Maji tu hadi jioni. Inakaa kama nidhamu, na kuna watu mtandaoni watakupigia makofi. Ngoja sasa saa moja usiku ifike, ndio utajua mwili ulionyimwa siku nzima hauhesabu chapo. Unashindilia tena, moyo unadunda tena, na kesho unajinyima zaidi.

Na sio wote tunajinyima kwa kupenda. Wengi wetu tunalipwa vipande vipande. Wiki 2 ni mkate na chai ya rangi, alafu mteja anatuma doo na mbogi yote inakula kama kesho hakuna. Ongeza mashangazi. Ukifika ocha, "Umekonda, ongeza." Sahani ikiwa bado mkononi, mwingine anakuambia mashavu yamejaa siku hizi. Sasa mtu afuate nani?

Mimi nimeamua asubuhi nakula. Uji, yai, mkate, kiasi cha kawaida, kama mtu ambaye jana hakuna kitu ilifanyika. Hiyo ndio ngumu kuliko kupumua kwa hesabu. Lakini nikila asubuhi na mchana, jioni sifiki nikiwa simba.

Usichukue haya yangu kama ya daktari. Maumivu ya kifua yakishuka kwa mkono ama kupanda kwa taya, ukizirai, ama kama ni mara yako ya kwanza na huelewi, enda hospitali. Usiaibike hata ikipatikana ni gesi. Na kama unakula kwa kujificha hadi uumie, mara kwa mara, ama unajitapisha baadaye, huo ni ugonjwa na uko na matibabu. Sio ulafi. Kenya Red Cross wako na namba ya bure, 1199, unaweza kuongea na mtu.

Kitu kingine: tafuta msee mmoja umwambie mchana, mkiwa sawa, ndio usiku asishtuke. Wangu tulikubaliana nikituma neno "chapo" sihitaji kueleza. Ananipigia anaanza kulalamika kuhusu Arsenal. Hana haraka, na malalamiko hayaishi.