Samaki Wetu Alipokataa Kula

Leo hatuna mtindo mpya wa shela wala picha za hina. Tuna habari ya samaki, na tunakuombeni muisome mpaka mwisho, hasa nyinyi mnaohesabu wiki kabla ya nikahi, na mama zenu na mashangazi zenu pia.

Kwa wageni: sisi ni mawifi wawili, mmoja kazaliwa Unguja, mwengine Kondoa, na tuna duka la kushona nguo za harusi hapa Ipagala, Dodoma. Tulianza na cherehani 2, mji ulipoanza kujaa wageni baada ya serikali kuhamia huku. Mwaka juzi tukanunua tangi la kioo la lita 80, tukaliweka pale wateja wanaposubiri. Ndani samaki wawili wa dhahabu, mmoja mwekundu, mmoja mweupe mwenye doa la rangi ya chungwa kichwani. Bi harusi akija kujaribu gauni mikono inamtetemeka, lakini akikaa kidogo mbele ya lile tangi anatulia. Na watoto wanaokuja na mama zao wanaacha kuchezea chaki zetu.

Mwaka huu Ramadhani ilipokaribia kwisha tukalisafisha duka kwa ajili ya Mfungo Mosi, maana ndio msimu wetu wa harusi. Tukafua mapazia, tukapaka rangi ukuta, tukafika kwenye tangi. Tulimwaga maji yote. Tukasugua kioo na mawe. Lile sponji la ndani ya chujio lilikuwa jeusi, tukalifua kwa sabuni ya unga mpaka likawa kama limetoka dukani. Tukajaza maji ya bomba moja kwa moja, tukawarudisha samaki. Tangi liling'aa, tukajisifu.

Siku ya nne, yule mweupe hakuja juu tulipotia chakula. Alikaa pembeni chini, mapezi ameyakunja, anahema haraka. Chakula kikampita, kikatua kwenye mawe. Tukatia chengine. Tukajaribu kiini cha yai la kuchemsha, tukajaribu mkate. Kila mteja aliyeingia alimwonea huruma, akachukua chembe akatupia. "Mbembelezeni tu, atakula." Jirani mmoja akaleta kapsuli ya dawa ya binadamu, akatwambia tuifungue tumimine ndani. Tulikuwa tumeshaishika mkononi.

Kabla ya kuifungua tukampigia simu kaka yetu mmoja wa Unguja anayefuga samaki miaka mingi. Tukamweleza: samaki hali, tumpe nini? Hakutujibu kuhusu chakula. Aliuliza, "Maji mmeyafanya nini?" Tukamhadithia usafi wetu wote, na sponji jinsi lilivyotoka jeupe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mmewabomolea nyumba, dada zangu."

Alitueleza, nasi tunakuelezeni. Samaki anatoa amonia kwa matamvua yake na kwa kinyesi chake, na chakula kinachobaki kikioza kinatoa amonia pia. Mtoni maji mengi yanaipunguza makali. Kwenye tangi inabaki pale pale, inamuunguza matamvua, na dalili yake ni hizo hizo: kuhema haraka, kukunja mapezi, kukataa chakula. Kinachomwokoa ni bakteria wazuri wanaojijenga kwenye sponji na kwenye mawe. Wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa maji yanapunguzwa na kuongezwa mara kwa mara. Kujijenga upya kunawachukua kama wiki 4 hadi 6. Uchafu ule tulioufua kwa sabuni ndio uliokuwa walinzi wao. Klorini ya maji ya bomba ikawamaliza waliobaki.

Na sisi wa Dodoma tuna letu la ziada. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa ni ya visima, kutoka bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na ni maji magumu. Anayeishi huku anajua: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe, pasi zetu za mvuke zinaziba. Samaki wa dhahabu anayavumilia maji magumu. Lakini maji ya namna hii mara nyingi huwa na alkali, na amonia kwenye maji ya alkali inazidi ukali. Kwa hiyo kila chembe ya mkate tuliyomtupia kwa huruma ilikuwa inamwongezea sumu. Ile kapsuli nayo ingeweza kuua hata bakteria wachache waliosalia.

Tukaanza kazi. Chakula tukakisimamisha kabisa, maana samaki huyu akiwa mzima anaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kula, asife kwa njaa. Mabaki yote tukayafyonza kwa mpira. Kila siku tulitoa robo ya maji, tukatia mengine yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke, yenye joto sawa na ya tangini. Mteja wetu mmoja ana tangi la zamani ofisini kwake, akatukatia kipande cha sponji lake akatuletea kwenye kopo. Hatujawahi kufurahia zawadi chafu namna ile.

Asubuhi ya siku ya pili tulimkuta mmoja anaelea. Hakuwa yule mweupe. Alikuwa yule mwekundu, aliyekuwa anakula vizuri kila siku, ambaye hatukumtazama hata mara moja kwa sababu alikuwa anakula.

Wiki hiyo hiyo alikuja bi harusi mmoja kujaribu gauni lake mara ya tatu, na shangazi yake. Gauni lilimpwaya. Mara ya kwanza tulipunguza kiuno, shangazi akafurahi, akasema mwanamwali anajitunza. Mara ya pili tukapunguza tena. Sasa tulifunga zipu, tukaona kitambaa kimeshikwa na mabega tu. Shangazi akasema, "Bana hapo, fundi, tena inampendeza." Tukachukua pini. Ndio, wapenzi, tulizichukua. Mteja akisema bana, sisi tunabana.

Yule binti alikuwa anatazama tangi. Akauliza taratibu, "Huyu naye hali?"

Huyu *naye*. Tukatazamana sisi wawili. Tukamwomba shangazi akae nje kidogo apate kahawa na tende, tukavuta pazia, tukamvua gauni tukampa kanga ajifunge. Hatukumuuliza kwa nini hali, wala hatukumwambia ale. Wote nyumbani walikuwa wanamwambia ale, au wanamsifu kwa kukonda. Tulimuuliza swali la kaka yetu kwa maneno mengine: nyumbani kukoje? Na huko unakokwenda, unakuonaje?

Alilia kwanza. Aliyotuambia hatuyaandiki hapa, maana siri ya mtu ni amana. Tunasema tu kwamba halikuwa jambo la tumbo, wala la gauni, na mtu mzima akilisikia analielewa mara moja. Kwa ruhusa yake tukampigia mama yake, akaja jioni ile ile, wakakaa chumba cha ndani mpaka adhana ya Magharibi. Harusi ikasogezwa mbele. Shangazi alitukasirikia, akasema mafundi wa nguo wana kazi gani na mambo ya watu. Labda ana haki yake. Lakini mishono ya lile gauni tumeiachia. Kila gauni tunaliachia kitambaa cha akiba ndani, na hilo tumelirudisha kwenye vipimo vya siku ya kwanza, linamsubiri kwenye hanga.

Sote tumesomeshwa tangu madrasa habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Sisi tulijiona tuko salama kwa sababu wetu tulikuwa tunamlisha. Hatukufikiri kwamba aliyefungiwa kwenye kioo hawezi kutoka kutafuta maji mengine. Maji yake yako mikononi mwetu, sawa na chakula chake. Yule mwekundu tulimzika chini ya mwarobaini nyuma ya duka, na tumemwomba Mola atusamehe.

Kwa wenye tangi nyumbani: samaki akikataa kula, acha kumlisha, badili robo ya maji, kisha tafuta sababu. Sponji lisuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si kwa sabuni wala bombani. Chakula kiwe kile anachomaliza kwa dakika 2. Usimwage maji yote hata kama una wageni.

Mweupe alikula siku ya 9. Tulimpa nusu ya njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Aliizunguka, akaichukua, akaitema, akaichukua tena. Tulikuwa na mteja wa vipimo, naye akaacha futi kamba inaning'inia shingoni akaja kutazama.

Na yule binti alipita wiki iliyopita. Hakuja kujaribu gauni. Alikuja kumwona samaki, akakaa nasi, akala visheti 2 bila kulazimishwa na mtu.