Mwendo wa Mama Zetu

Kama ukiulizwa ni kazi gani ngumu katika zote azifanyazo mwanadamu, yamkini utataja kupasua mawe, au kulima shamba la mlimani, au hesabu za mtihani. Sidhani kuwa utataja kutembea. Kutembea hatukuhesabu kuwa ni elimu, maana mtoto hukupata kabla hajajua kulitamka vema jina lake. Hata hivyo, wako wataalamu katika vyuo vikuu ambao umri wao wanaumaliza katika kuchungua mwendo wa mwanadamu, hatua kwa hatua, na katika kuunda roboti za kuwasaidia watu waliopotewa na mwendo huo. Sehemu ya elimu yao ilichumwa hapa kwetu Kenya, katika migongo na vichwa vya wanawake.

Mimi ni mwalimu, na kwetu ni Karurumo, katika Embu. Aliyewahi kupita njia zetu asubuhi amewaona kina mama wakipanda kilima na mizigo ya kuni mgongoni, imeshikwa kwa ukanda upitao juu ya paji la uso. Huinama kidogo, hawasemi sana, wala hawatweti kama mtazamaji atarajiavyo. Wageni wengi waliwatazama wakasikitika. Baadhi yao wakapiga picha. Katika mwaka 1986 ikatangazwa kazi ya watu waliofanya jambo bora kuliko kusikitika: walipima.

Hao walikuwa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa ng'ambo, miongoni mwao Norman Heglund, Giovanni Cavagna na C. Richard Taylor. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wachukuao mzigo kichwani, na wanawake wa Kikuyu, wachukuao kwa ukanda kama mama zetu wa Embu. Walichopima ni oksijeni ambayo miili yao ilitumia katika kutembea, kwa kuwa mwili ufanyao kazi zaidi huhitaji oksijeni zaidi, kama moto mkubwa uhitajivyo hewa. Wakaona ajabu. Mwanamke aliyechukua mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili wake hakutumia nguvu zaidi ya zile alizotumia akienda mikono mitupu. Itie hesabu hiyo katika kilo: mama wa kilo 60 huchukua kilo 12, na mwili wake hauna habari! Mzigo ukizidi hapo gharama huanza kupanda, lakini hubaki chini ya ile ya askari achukuaye shanta ya uzito kama huo.

Siri yake ilielezwa mwaka 1995 na Heglund na wenzake. Walitumia sahani ya kupimia, ambayo ni jamaa ya mizani tuipimiayo kahawa, ila hii hueleza jinsi mguu unavyoisukuma ardhi katika kila nukta ya hatua. Ifikirie bembea. Inapopanda hupunguza mbio, na inaposhuka mbio hurudi. Kimo hugeuka mwendo, na mwendo hugeuka kimo. Mwili utembeao hufanya vivyo hivyo juu ya mguu ulionyooka. (Hapana haja ya maabara kuliona jambo hili: mtazame mwenzako apitaye nyuma ya ua mfupi, nawe utaona kichwa chake kikipanda na kushuka.) Lakini bembea yetu si kamili. Hata katika mwendo mzuri, kiasi cha theluthi moja ya nguvu hupotea katika kila hatua, na misuli haina budi kuilipa. Wanawake wale walipotwikwa mzigo, bembea yao haikuharibika, bali ilizidi kutengenea. Na nguvu waliyoiokoa ndiyo iliyolipa uchukuzi.

Nakuomba usilishangilie neno hili kupita kiasi. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo. Tena oksijeni haipimi maumivu ya shingo. Mama yangu ana bonde dogo katika paji la uso, mahali ukanda ulipolala miaka arobaini. Mtu akikuambia kwamba mizigo ile ilichukuliwa bure, mwambie alete paji lake.

Mama huyo alipatwa na kiharusi mwaka 2023, na upande wake wa kushoto ukalegea. Ndipo nilipoanza kusoma habari za roboti kwa bidii. Nilifahamu kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi hakupoteza mguu. Alipoteza amri iliyouendesha, na ubongo hauna budi kuitafutia amri hiyo njia nyingine. Njia hiyo haichongwi ila kwa kurudiarudia tendo moja mara nyingi mno. Mtaalamu wa viungo huchoka, na wagonjwa wake ni wengi, mashine haichoki. Kwa ajili hiyo Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, wa chuo cha MIT huko Marekani, waliunda roboti ya kuushika mkono wa mgonjwa na kuuongoza. Katika jaribio la wagonjwa 127, lililotangazwa mwaka 2010, roboti hiyo haikuwashinda watu waliowafanyisha wagonjwa mazoezi mengi kiasi kile kile. Wengine walivunjika moyo kwa habari hiyo. Mimi ilinitia nguvu, maana roboti hatukuwa nayo. Tulikuwa na kamba iliyofungwa toka mlangoni hadi mgomba wa kwanza, na bakora, na watoto wa ndugu yangu wa kuhesabu hatua kwa sauti.

Nathubutu kusema kwamba vifaa vitakavyotufaa ni vile visivyo na makuu. Mwaka 2015 Steven Collins na wenzake walionyesha kifaa cha kuvaa mguuni kisicho na mota wala betri, chenye springi tu na kishikizo chake, kilichopunguza nguvu itumiwayo katika kutembea kwa kiasi cha asilimia 7. Kilijaribiwa kwa watu wazima wa afya, si kwa wagonjwa; lakini springi ni kitu ambacho fundi wa Runyenjes anakijua.

"Mwanangu, kuni zilikuwa nyepesi kuliko mguu huu," mama aliniambia siku moja, akacheka.

Sasa hufika kwenye mgomba pasipo kushika kamba. Mguu wa kushoto bado hukokota kidogo, ukachora mstari katika vumbi kila hatua, na Jumamosi mimi huupima mstari huo kwa rula ya shule. Mwanzo wa mwaka ulikuwa sentimita 14. Jumamosi iliyopita ulikuwa 9.