Sifa za Maumivu

Maumivu hayana rafiki. Tajiri huyakimbia na maskini huyalaani. Mtoto huyalilia na mzee huyanung'unikia. Mimi nami, msomaji, nilikuwa mmoja wa maadui zake, mpaka siku nilipouona mguu usiojua maumivu.

Mguu huo ulikuwa wa bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na mara kwa mara aliniambia kuwa nyayo zake zimekufa ganzi, kana kwamba amevaa soksi hali hakuvaa. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya uzee. Jioni moja kaa la moto lilidondoka mekoni, naye akalikanyaga huku akisimulia hadithi. Hakushtuka wala sauti yake haikubadilika. Mimi ndimi niliyesikia harufu. Nilipomwambia, alitazama chini kama mtu atazamaye mguu wa jirani. Kidonda kile hakikupona, na baada ya miezi michache mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilitaka kujua sababu, nikakutana vitabuni na Paul Brand. Daktari huyu Mwingereza alizaliwa Uhindi mwaka 1914, akasomea udaktari London, na mwaka 1946 akarudi Uhindi kufundisha upasuaji mjini Vellore. Huko aliona wagonjwa wengi wa ukoma, mikono yao imepinda na vidole vimepotea. Kijidudu cha ukoma kilikuwa kimejulikana tangu 1873, lakini watu wengi, na madaktari miongoni mwao, waliamini kuwa nyama ya mgonjwa huoza yenyewe.

Siku moja Brand alishindwa kufungua kufuli lililoshika kutu. Mtoto mmoja mgonjwa aliushika ufunguo, akauzungusha, kufuli likafunguka. Brand alistaajabia nguvu zake, kisha akaona damu: ufunguo ulikuwa umekata kidole mpaka mfupani, na mtoto hana habari! Hapo akaanza kufahamu. Ukoma hauli vidole. Huua mishipa ya fahamu, wale matarishi wanaopeleka habari kutoka ncha za vidole hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Tarishi akifa, mtu hushika chungu cha moto na kukanyaga msumari bila kujua. Vidole vingine vilipotea usiku. Watu walikesha wakilinda, wakaona panya wakiwatafuna wagonjwa usingizini. Basi wagonjwa wakapewa paka.

Brand alihamisha kano kutoka katika misuli iliyo hai, akainyosha mikono iliyopinda. Lakini hisia hakuweza kuirudisha. Mwaka 1966 alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na huko yeye na wenzake walijaribu kutengeneza maumivu ya bandia: glavu zenye vyombo vya kuonya mkono ukielemewa. Hazikufaa. Mtu aliyetaka kumaliza kazi yake alizima onyo akaendelea. Maumivu ya kweli hayazimwi hivyo. Huko pia alitambua kuwa miguu ya wenye kisukari huumia kwa njia ile ile.

Usiku mmoja, London, baada ya safari ndefu ya gari moshi, Brand mwenyewe alivua soksi akaona kisigino hakina hisia. Alijichoma sindano, asihisi kitu. Akalala akijihesabu mgonjwa wa ukoma. Asubuhi alijichoma tena, akapiga yowe, na yowe lile likawa la furaha: mshipa ulikuwa umekandamizwa tu kwa kukaa sana. Aliaga dunia mwaka 2003. Leo ukoma hutibika kabisa kwa dawa, lakini mshipa uliokwisha kufa ni vigumu kuufufua.

Sisemi kuwa maumivu ni matamu. Nasema ni mlinzi, na nyumba isiyo na mlinzi yahitaji jamaa wa kukesha. Bibi aliishi miaka sita baadaye. Kila jioni nilipiga magoti mbele yake, nikautazama mguu uliobaki kwa taa na kukikung'uta kiatu chake. Macho yangu yalikuwa ndiyo maumivu yake, na mguu ule ulizikwa mzima.

Msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee asemaye nyayo zake zimekufa ganzi, usicheke kama nilivyocheka mimi. Iname utazame.