Demani ya Babu Yako

Dar es Salaam,
14 Machi

Mpendwa mpwa wangu Mwanaidi,



Video uliyonirushia nimeitazama mara nne. Kabla ya kidonge babu yako kaganda kitini, mkono unatetemeka. Saa moja baadaye bega linajirusha, shingo inajipinda, miguu inacheza pasipo ngoma. Jirani kakwambia ana shetani. Wewe ukaniuliza: kama dopamini ni kemikali ya furaha, mbona vidonge vya kumwongezea dopamini vinamtesa?

Mwanangu, hilo jina la furaha limewapotosha wengi. Mwombe babu akueleze habari ya demani, ameishika miaka arobaini. Upepo ndio unaosukuma ngalawa. Demani ni kamba tu. Lakini ukiilegeza, tanga linapigapiga na upepo wote unapita bure. Ukiikaza, upepo uleule unakufikisha ng'ambo. Katika ubongo upepo ni kemikali iitwayo glutamati. Dopamini ni mkono ulioshika kamba.

Sasa twende ndani, maana unasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) na hili utaliweza. Katikati ya ubongo pana sehemu iitwayo striatamu. Seli zake zimejaa vichomozo vidogo mno, kama miiba. Gamba la ubongo likitaka mkono uinuke, linamwaga glutamati kwenye kichwa cha mwiba. Dopamini, inayotoka chini, kwenye shina la ubongo, mara nyingi inafikia shingo ya mwiba uleule. Vipokezi vya pande mbili vinakutana mahali padogo kiasi hicho.

Kipokezi kimoja cha glutamati, NMDA, ni tundu lililozibwa na magnesi. Glutamati peke yake hailizibui. Seli lazima iwe imekwisha kuamshwa. Hapo kalsiamu huingia, na kalsiamu ndiyo inayoipa seli kumbukumbu. Dopamini ikigusa kipokezi cha D1, ndani ya seli huamka vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye NMDA, na kalsiamu huingia kwa wingi zaidi. Kamba imekazwa. Kwenye seli zenye D2 mambo ni kinyume: dopamini huupunguza mwitikio wa glutamati. Seli za D1 huruhusu mwendo, za D2 huuzuia, hivyo dopamini ileile hufungua upande huu na kutuliza ule. Na wakati nao una hesabu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Tokyo walionyesha kwa panya kwamba mwiba hukua ikiwa dopamini itafika kati ya sekunde 0.3 na 2 baada ya glutamati. Ikichelewa, haisaidii kitu.

Babu yako amepoteza sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini. Hiyo ndiyo maana ya ugonjwa wa Parkinson. Nia anayo, amri ya kunyanyuka inatoka, upepo unavuma, ila tanga halikamati. Ukimwona kaganda usidhani hataki.

Dawa yake, levodopa, hugeuzwa kuwa dopamini ubongoni. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowamaliza nguvu wakalala chini, kisha akawachoma dopa yenye levodopa, wakaamka. Mwaka 2000 akapata Nobel pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel. Levodopa hiyohiyo imo katika mbegu za upupu, huo unaotuwasha porini. Usithubutu kumchemshia: kipimo chake hakishikiki.

Na ile ngoma ya bega? Kidonge huleta dopamini kwa wimbi, ikapanda na kushuka, wakati ubongo wenye afya huimwaga kwa utulivu. Miaka ikipita, seli zilizokaa na njaa zinakuwa nyepesi mno kushtuka, na NMDA zinaitikia kupita kiasi. Demani inavutwa kwa pupa. Ushahidi wake ni amantadini, iliyokuwa dawa ya mafua makali. Robert Schwab na wenzake walieleza mwaka 1969 kwamba inasaidia Parkinson. Dawa hiyo huzuia NMDA, na ndiyo inayotumika kutuliza ngoma hii. Unaona, mwanangu? Tatizo limeletwa na kidonge cha dopamini, likapozwa kwa kuzuia kipokezi cha glutamati. Lakini dawa hiyo huwachanganya akili wazee wengine, kwa hiyo ni ya daktari kuamua.

Jirani nisimlaumu sana. Watafiti walipopita vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wa Parkinson waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Nisaidie haya. Kidonge akimeze nusu saa kabla ya chakula, maana protini ya samaki na maharage hugombania mlango mmoja na levodopa. Chukua daftari uandike saa ya kidonge, saa anayoganda, saa bega linapoanza. Mtu asije akamwachisha vidonge ghafla kwa sababu ya hayo maneno ya shetani. Anaweza kukakamaa, akapata homa kali, hata akafa. Ijumaa naja, tutampeleka kwa daktari wa neva na daftari lako mkononi.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako