Maneno ya Wapiga Besi

Watu wengi waendao dansini hudhani kwamba kazi yote ya bendi hufanywa na mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Hao ndio wasimamao mbele, na hao ndio wabandikwao noti katika paji la uso. Nyuma yao, karibu na ngoma, yupo mtu mwingine ameshika gitaa refu lenye nyuzi nne nene, naye ametulia kama mtu angojaye basi. Huyo ndiye mpiga besi. Wachezaji hawamtazami, lakini miguu yao humfuata yeye. Na besi ikikatika, hata kwa dakika moja tu, dansi lote hulegea, watu wakatazamana kama waliopotewa na kitu wasichokijua jina.

Jijini Nairobi wapiga besi hawakosekani pande zote mbili za Ngong Road: Kibera upande wa kusini, ambako reli iendayo Kisumu hupita katikati ya nyumba, na Kawangware upande wa pili, yaendako magari ya namba 46. Pande hizi mbili zina utani wa siku nyingi. Wa Kibera hujisifu kwa benga na rumba. Wa Kawangware hupiga nyimbo za Kiluhya na mugithi ya Wakikuyu, na Jumapili asubuhi hupiga kanisani, macho yakiwa bado mekundu. Wakutanapo, pengine kwa fundi wa amplifaya, pengine wakingoja kupakia vyombo garini, hawamalizi salamu kabla hawajaanza kudharauliana vyombo.

"Mzee, hiyo besi yako yafaa ipelekwe makumbusho," asema kijana mmoja wa Kawangware, ambaye besi yake ina nyuzi tano na rangi nyekundu kama gari la zimamoto.

"Makumbusho wangeiweka mlangoni," ajibu mzee wa Kibera, "ili watu waingie wakicheza. Na wewe, mwanangu, uzi huo wa tano wampigia nani? Nyimbo zako zote huishia uzi wa pili."

"Uzi wa tano ni kama karani msaidizi wa chifu," adakia wa tatu, mtu wa makamo aliyeacha bendi akaingia kwaya. "Yupo, kiti anacho, lakini kazi yake haijulikani."

Vyombo vyenyewe havikosi visa. Yuko bwana mmoja wa Kibera ajulikanaye kwa ubahili: nyuzi zake zikififia hanunui nyingine, bali huzichemsha katika sufuria ili kutoa jasho na uchafu ulioingia katika mikunjo ya waya, kisha huzianika. Hilo si mzaha. Wapiga besi wa nchi nyingi hulifanya, na kweli sauti hurudi kwa muda. Ila wenzake husema kwamba siku moja mkewe aliupakua uzi mmoja pamoja na ugali, akidhani ni matumbo. Tena besi hutaka nguvu nyingi za umeme kuliko solo, na mahali penye umeme wa kusambaziwa kila jirani apashapo pasi, besi huinama. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini sauti nzito hupenya mabati na mbao. Ndiyo sababu jirani asiyepata usingizi hushitaki besi, wala si mwimbaji. Tangu Serikali ilipotoa kanuni za kelele mwaka 2009, mpiga besi akiona askari mlangoni hujua ameitwa yeye.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, ni juu ya asili. Gitaa la besi la umeme si la kale: Leo Fender wa California, Marekani, alilitoa lake mwaka 1951, akaliita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyopigiliwa shingoni humwonyesha mpigaji mahali halisi pa sauti. Kabla ya hapo palikuwa na besi kubwa ya mti, ndefu kupita mtu, ambayo hata leo husikika katika taarabu ya Unguja. Lakini watu wa Kawangware hawataki habari za California. Wao husema besi ilianza katika kidole gumba cha George Mukabi, yule bingwa wa omutibo aliyefariki mwaka 1963. Mukabi alikuwa na gitaa moja tu la kawaida. Gumba lake lilitembea katika nyuzi nzito huku vidole vingine vikichukua sauti ya juu, na mwenziwe akigonga chupa ya soda. Ukweli wapaswa kusemwa kwamba gumba la namna hiyo lilisikika mbali zaidi pia: Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa akilitumia huko Jadotville, ambayo siku hizi yaitwa Likasi, mwaka 1952.

Mzee wa Kibera husikiliza haya yote kwa upole, kisha huwauliza kama wamepata kuona nyatiti. Kinubi hicho cha Wajaluo kina nyuzi nane, na mpigaji wake huvaa pete ya chuma katika kidole kikubwa cha mguu, akagonga nayo chombo huku akiimba. Wapiga magitaa wa Nyanza walipoanza benga, waliyahamishia humo mapigo ya nyatiti, na besi ikapewa kazi ya kusukuma isiyolala.

"Ninyi mna gumba la mkono," asema, "sisi tunalo la mguu. Nani mwenye besi nzito?"

"Na sisi tuna isukuti," ajibu kijana. "Ngoma tatu, ile kubwa ndiyo baba wa besi zote. UNESCO imetuandika mwaka 2014."

"Naam, niliona. Mliandikwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Hongera sana."

Jambo moja tu huwapatanisha. Mwaka 1978 wapigaji kadha walitoka Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika, na mpiga besi wao alikuwa Tom Malanga. Atajwapo Malanga na wimbo wa "Sina Makosa", hata mwenye nyuzi tano hunyamaza. Vijana wajifunzao besi huujaribu wimbo huo mapema, na wengi huuharibu kwa namna ile ile: hujaza. Mzee huwakataza. "Usisikilize mahali anapopiga," huwaambia, "sikiliza mahali anapoacha." Kisha huwanyang'anya besi na kuwaonyesha, na kwa muda kidogo hakuna atakayesema neno.

Lakini chini ya utani huu kuna shauri lisilochekesha. Mkulima aendaye kulima kibarua aweza kwenda na jembe lake. Mpiga besi, mara nyingi, hana lake. Katika bendi nyingi za Afrika Mashariki vyombo vilikuwa mali ya mwenye baa au tajiri fulani, na wapigaji walikuja na mikono mitupu, wakaondoka nayo vivyo hivyo. Pakitokea ugomvi, mwenye vyombo hufunga stoo, na bendi iliyojulikana mkoa mzima hufa usiku mmoja. Santuri nazo hazikuwasaidia sana. Waliopiga katika vyumba vya kurekodia, wengi wao walilipwa mara moja wakaenda zao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 imewataja wapigaji na haki zao, lakini santuri za zamani zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Ile besi iliyostahili makumbusho haikuwa ya mzee. Aliipiga miaka mingi, shingo yake ikawa laini mahali pa kidole chake, lakini ilikuwa mali ya baa. Kisha baa ikauzwa, na mwenyeji mpya akauza vyombo vyote kwa mtu asiyejulikana. Mahali pa bendi ya watu sita akamweka mtu mmoja mwenye gitaa na kinanda cha umeme, ambacho ndani yake mna ngoma na besi zilizokwisha kupigwa.

"Mashine haiombi nauli," walisema vijana siku ile, wakijaribu kumchekesha. "Wala hailewi."

"Basi bia za pale zitanunuliwa na nani?" alijibu, lakini hakucheka.

Kwa muda wa miezi mitatu alionekana mara chache. Alipokuja kwa fundi alisaidia kubeba maspika, akaketi pembeni, mikono magotini. Utani wenyewe uliharibika, kwa maana mtu hawezi kuidharau besi ya asiye nayo. Kijana mwenye nyuzi tano ndiye aliyeona kwanza kwamba mzee huyo, hata akizungumza habari nyingine, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitembea juu ya paja.

Kijana huyo alijua ya kwamba kanisa lake limenunua besi mpya, na ile ya zamani imelala stoo. Alipeleka neno kwa kamati: iuzwe kwa mzee, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Kamati iligawanyika. Wako waliosema chombo kilichomsifu Mungu hakiwezi kupelekwa penye pombe. Wengine walisema chombo kinachomsifu panya stoo hakimsifu Mungu. Mwishowe wakamwita mzee mwenyewe. Akavaa koti lake, akaenda kwa miguu kutoka Kibera hata Kawangware, akasimama mbele yao.

"Wazee wangu," aliwaambia, "besi haisemi maneno. Ikiwa wimbo una maneno mabaya, wa kuulizwa ni mwimbaji."

Mama mmoja mweka hazina alicheka mpaka akavua miwani, na hapo shauri likawa limekwisha. Sharti lilikuwa moja: kila Alhamisi jioni awafundishe vijana wa kwaya. Fedha ya kwanza aliitoa katika zamu yake ya chama, na hilo halikuwa jepesi, kwa kuwa fedha hiyo ilikuwa imekusudiwa mabati ya nyumba ya nyumbani Siaya. Mkewe hakugombana naye. Alinunua daftari la mistari, akaandika jina la mumewe juu, na chini yake "mabati", akamwambia kwamba kila dansi itakatwa humo kabla ya nauli. Mpaka sasa daftari lina karatasi tisa zilizojaa, na mabati kumi na mawili yamekwisha kufika Siaya kwa basi la usiku.

Siku hizi mzee hupiga arusi na matanga, na mara moja moja katika baa zilizobakiwa na bendi. Alhamisi yuko kanisani, na vijana waliotaka kujifunza mbio za vidole hukaa wiki nzima juu ya sauti mbili. Mmoja wao alilalamika kwamba sauti mbili ni chache. Mzee akamwambia azipige zote mbili pamoja na ngoma kwa muda wa dakika kumi bila kukimbia. Kijana alikimbia katika dakika ya tatu.

Nyuma ya besi hiyo yamebaki maandishi ya rangi nyeupe, "Mali ya Kanisa", na namba ya stoo. Kijana wa Kawangware hachoki kuyasoma kwa sauti watu wanapokuwa wengi.

"Mzee, ungali wapiga cha wenyewe."

"Imebaki miezi mitatu," ajibu mzee, akikaza uzi wa juu na kuutega sikio. "Nikimaliza nitayafuta, niandike jina langu kwa rangi nyekundu kuliko hiyo yako. Sasa nipe sauti ya uzi wako wa nne, tulinganishe. Ule wa tano mwache apumzike, ni karani."