Reli Iko Rangi Gani?

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Likasi, Kambove, Kolwezi ao Lubumbashi, karibu kila siku unaruka njia ya reli: kwenda sokoni, kwenda masomo, kwenda kazi. Nikuulize ulizo moja, na usiende kuangalia mbele ya kujibu. Reli iko rangi gani? Traverse ziko rangi gani? Na mawe yaliyo katikati?

Mimi ni mtoto wa kantonye. Baba yangu alitumika kwenye njia miaka 31, akikaza buloni na kushindilia mawe chini ya traverse. Nilikomalia pembeni ya reli. Lakini siku nilipoulizwa ulizo hilo nilikosa jibu, tena katika nchi ya Uingereza, mbele ya mtu ambaye hajafika Katanga hata siku moja.

Ilikuwa mwaka 2017. Kanisa moja rafiki lilinialika kwa majuma matatu, wakanilaza kwa mzee mmoja mjane katika kijiji kisicho mbali na mji wa Oxford. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku ya kwanza, kisha kunywa chai, akaniambia: "Pasta, kuja nikuonyeshe njia yangu ya reli." Nikafikiri ananipeleka gare. Kumbe alinipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mbao. Humo kuko meza ndefu inayozunguka kuta zote, na juu ya meza kijiji, mto, daraja, gare, na treni ndogo inayotembea kwa umeme. Kila kitu kimepunguzwa mara 76. Mtu mzima anatoka urefu wa ncha ya kidole.

Usicheke. Mimi nilicheka kwanza, nikasema moyoni: hii michezo ya watoto, mzee wa miaka 70 anaifanyia nini? Nilikaa humo jioni nyingi, na kicheko kilinitoka.

Siku hizo alikuwa anapanua njia. Akatoa reli mpya katika kartoni. Zilikuwa nyeupe za kung'aa sawa vijiko vya arusi, na traverse zake za plastiki nyeusi sawa viatu vipya. Reli hizo zinafanywa kwa maillechort. Baba zetu waliotumika viwandani wanalijua jina hilo: ni shaba iliyochanganywa na zinki na nikeli, na sehemu kubwa ni shaba. Rangi yake ya fedha inadanganya, fedha hakuna ndani hata kidogo. Nikamwambia mzee: "Pengine shaba hii ilitoka kwetu." Akaishika juu, akaiangalia, akasema: "Basi tuifanyie heshima."

Alianza kwa kuosha njia na mayi ya sabuni, juu mafuta ya vidole yanakataza rangi kushika. Ilipokauka akapuliza rangi ya kwanza isiyong'aa, kisha akapuliza kahawia iliyochanganyika na kijivu juu ya vyote, reli na traverse pamoja. Niliona anaharibu kabisa. Njia yote ikawa sawa imechovywa katika matope. Kisha akachukua burosi nyembamba na kupaka mbavu za reli rangi ya kutu. "Hapa wengi wanakosea," akasema. "Wanafikiri kutu ni rangi ya machungwa. Kutu ya jana iko vile. Kutu ya miaka 20 ni kahawia nzito, karibu nyeusi."

Mbele rangi haijakauka, akafunga kitambaa juu ya kipande cha mbao, akatia kidogo dawa ya kuyeyusha rangi, akafuta kichwa cha reli toka mwanzo hata mwisho. Mistari miwili myembamba ikatokea, ikang'aa. Na mara moja ile matope ikawa njia ya reli. Ndugu zangu, nilishituka. Sikutazamia kwamba kitu kidogo vile kitafanya tofauti kubwa.

Akanielezea kwamba hapo kuko sababu mbili. Ya kwanza, umeme wa treni hizi ndogo unapita ndani ya reli na kuingia kwa njia ya magurudumu. Ukiacha rangi juu, treni inasimama. Ya pili, hata reli ya kweli iko vile. Mvua inaleta kutu pande zote, lakini magurudumu yanasugua kichwa kila siku, na kutu haipati nafasi ya kukaa. Pahali treni inapita, reli inang'aa.

Traverse zao nyingi za zamani ni za mti uliolowekwa katika mafuta meusi. Zikiwa mpya ni nyeusi. Zikizeeka zinageuka kijivu sawa jivu la jiko. Kwa hiyo mzee alichovya burosi katika kijivu, akaifuta juu ya karatasi mpaka ikabaki karibu kavu, kisha akapapasa traverse moja moja. Rangi ilishika kwenye migongo tu, haikuingia katika mifereji. Hakupapasa mbili kwa namna moja. "Mvua haipendelei," akasema, "lakini miti haifanani."

Kisha mawe. Ni mawe ya kweli yaliyosagwa na kuchungwa, madogo sawa chembe za sukari. Aliyamwaga makavu, akayapanga na burosi laini. Akanyunyiza mayi yenye tone la sabuni ya kuoshea sahani. Bila sabuni mayi yanajikusanya kuwa matone na mawe yanakimbia. Mwisho akadondosha kole nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na mayi, tone kwa tone. Mahali njia inapogawanyika hakutia kole wala rangi kwenye ndimi za reli, maana zikigandamana, kazi imekufa. Na kisha hapo usiguse mpaka kesho.

Kijana unayesoma, ninajua unawaza bei. Wewe unayetengeneza motokari ya nyaya na makopo, rangi za kuzeesha ziko kwenu bure. Vumbi la matofali, udongo mwekundu, vumbi la makala toka mbabula, vichungwe katika kitambaa chembamba na kupakwa kwa burosi kavu. Mzee wangu alikuwa na vichupa vya unga wa namna hiyo, na alivinunua kwa feza.

Siku ya posho tulikwenda katika kijiji cha Long Wittenham, kuona jumba liitwalo Pendon. Mtu aliyelianzisha aliitwa Roye England. Jina lake ni la nchi ile, lakini yeye alitoka Australia, akafika Uingereza mwaka 1925. Aliona nyumba za zamani za bonde moja, zile zenye kuezekwa kwa majani, zinabomolewa ao kugeuzwa, na hakuna mtu anayelia. Basi toka 1931 akaanza kuzitengeneza ndogo, moja moja, akipima nyumba zenyewe, kwa karatasi ngumu na rangi za maji. Alikufa mwaka 1995 na bonde halijaisha. Wengine waliendelea kwa kujitolea. Nilisimama mbele ya bustani moja yenye kabeji, nikatafuta kosa, sikupata. Na katikati ya bonde treni zinapita, juu ya njia iliyozeeshwa kwa uvumilivu mkubwa. Mzee akaninong'oneza: "Angalia, hapa ni miaka ya 1920 na 1930 tu. Mtu akileta kitu cha 1950, wanakikataa. Kila njia iko na mwaka wake."

Tulipokuwa tunarudi tulisimama juu ya daraja la gare, akanionyesha chini kwa kidole. Karibu na mahali treni zinaposimama, mawe ni ya kahawia, juu chuma cha breki kinasagika na kuanguka. Pahali masini zinapongoja, kuko doa jeusi la mafuta. Mbele zaidi, mawe ni kijivu safi. Hayo yote nilikuwa nayo nyumbani miaka yote.

Jioni ile akaniuliza: "Kwenu upana wa njia ni ngapi?" Hiyo niliijua, baba alitufundisha sawa wimbo: milimetre 1067. Akachukua kalamu. Njia ya kwao ni 1435. Ukiigawanya kwa 76 unapata karibu 19, lakini wafanyaji wa treni ndogo walizoea 16.5, kwa hiyo treni zake zote ziko na miguu iliyokaribiana mno. Pale Pendon walichukua 18. "Lakini 1067 ukiigawanya kwa 64," akasema, "inakuwa 16.7. Pasta, reli zangu zinasema uongo juu ya nchi yangu, na karibu kweli juu ya nchi yako!" Akaniambia huko New Zealand, ambako njia ni ya upana sawa na yetu, kuko watu wanaotumia hesabu hiyo.

Basi akaamua kunitengenezea ubao mmoja wa reli ya kwetu, urefu wa mkono, niupeleke kwa baba. Ndipo akaniuliza zile rangi. Nikanyamaza. Nikapiga simu Likasi.

Baba alijibu haraka, sawa mtu aliyengoja ulizo hilo tangu alipoacha kazi. "Traverse za kwetu nyingi ni chuma. Mti unaliwa na mchwa. Mwambie asipake kijivu, apake kutu, lakini kutu iliyolala chini ya vumbi. Vumbi yetu ni nyekundu, inapanda mpaka kwenye mbavu za reli. Wakati wa mvua inateremka." Mzee alikuwa anaandika yote, mimi nikitafsiri. Kisha akataka kujua jambo moja zaidi: afute kichwa cha reli ao aache?

Sikuelewa. Akanikumbusha: kila njia iko na mwaka wake. Nikamwuliza baba juu ya ile njia ya kando inayopita nyuma ya kambi yetu, ile aliyoitunza. Simu ikanyamaza kidogo. Wewe unajua, msomaji. Siku hizi makamio ya shaba yanapanga mstari kuelekea Kasumbalesa, na juu ya njia ile ndogo mama wanaanika mihogo. Kichwa chake ni kutu sawa mbavu zake.

"Wakati wangu ilikuwa inang'aa," baba akasema. "Usiku mwezi ukitoka, unaiona toka mbali." Kisha akasema: "Mwambie afute."

Mzee akafuta.

Ubao ule niliufunga katika mashati, ukafika salama. Baba macho yake yamekuwa mazito. Aliuchukua mpaka mlangoni kwenye mwangaza, akapitisha kidole juu ya reli moja, kisha juu ya ya pili. Sisi wote tulikuwa tunangoja. Akaukaribisha kwa jicho lake la kuume, akakaa vile muda mrefu.

"Rangi ni yenyewe," akasema. "Lakini nani aliacha mawe yapande juu ya traverse hapa? Ikifunika buloni, utajua namna gani kama imelegea?"

Akamtuma mjukuu alete kijiti cha kiberiti, akaketi chini, akaanza kuyatoa moja moja.